Siku nne za Idi na paka anayedeka nyumbani

Katika mitaa ya Unguja na Pemba, Idi ni siku nne za milango iliyo wazi. Asubuhi watu wanarudi kutoka sala, ndugu wanapita kupeana mkono wa Idi, watoto wa jirani wanaingia makundi kwa makundi kutaka sikukuu yao, yaani pesa za Idi, na alasiri nyumba nzima inahamia viwanjani: Mnazi Mmoja na Kariakoo kwa watu wa mjini, Tibirinzi kwa watu wa Chake Chake. Kwa binaadamu hiyo ndiyo raha yenyewe. Paka aliyezoea kochi lake, saa yake ya kula na mikono anayoijua huona mambo mengine kabisa: mlango haufungwi, chakula hakiji kwa wakati, na vishindo vinatoka asikokujua.

Paka wa jaani anajua kila uchochoro na kila paa la kujificha. Paka aliyelelewa ndani hajui hata nyuma ya nyumba yake kukoje. Akitoka mbio kwa hofu, haendi mbali, ila harudi vilevile, kwa sababu njia ya kurudi hajawahi kuipita. Ndiyo maana kazi ya kumlinda haifanywi asubuhi ya Idi mosi huku pilau iko jikoni. Inaanza wiki mbili kabla. Maelezo haya yanahusu zaidi Idi el-Fitri, kwani hiyo inatanguliwa na mwezi mzima wa saa zilizogeuka, lakini mengi yanafaa pia kwa Idi el-Hajj, kwa Mwaka Kogwa kule Makunduchi mwezi wa Julai, na kwa usiku wa kuamkia 12 Januari, fashifashi za Mapinduzi zinaporushwa mjini.

Rudisha saa za kula kabla mwezi haujaandama

Ramadhani nzima nyumba inaishi usiku, na paka huligundua hilo kwa siku chache tu. Magharibi anangoja futari, na saa kumi za usiku amesimama mlangoni mwa jiko anangoja daku. Sasa Idi ikiingia, daku imekwisha ghafla. Paka analia saa kumi watu wamelala, anakosa, na kufika saa mbili asubuhi ana njaa ya kweli, kuku wa Idi yuko juu ya meza na watu wako msikitini. Wizi mwingi wa paka siku ya Idi unatokana na hapo, wala si na tabia mbaya.

Dawa yake ni kumi la mwisho la Ramadhani. Lile fungu analokula wakati wa daku lisogeze mbele kwa nusu saa kila baada ya siku mbili: kutoka saa kumi za usiku hadi saa kumi na nusu, kisha saa kumi na moja, saa kumi na moja na nusu, hadi saa kumi na mbili asubuhi. Ni siku nane tu, na mwezi ukiandama tumbo lake limeshahamia mchana. Fungu la magharibi liache palepale lilipo. Akilia katikati, usimpe kipande cha kumnyamazisha. Kipande kimoja cha huruma saa kumi za usiku kinafuta siku zote ulizosogeza.

Paka mzima wa kilo 4 anatosheka na gramu 50 hadi 60 za chakula kikavu cha dukani kwa siku, sawa na vikombe viwili vya kahawa vya barazani: kimoja asubuhi, kimoja jioni. Pima mara moja kwa mizani ya duka, kwa sababu vikombe havilingani. Akila chakula cha nyumbani, mpe gramu 150 hadi 200 za samaki au kuku wa kuchemsha asiye na mifupa, zigawe mara mbili. Mchuzi wa kuchemshia, bila chumvi, usimwage, mmiminie. Ndani yake kuna taurini, kirutubisho kilichotoka kwenye nyama, na paka akikikosa kwa miezi moyo wake hudhoofika na macho huharibika. Moyo wa kuku na ile nyama nyeusi ya samaki zina taurini kwa wingi. Maini mpe mara moja kwa wiki, kipande cha gramu 30, basi. Yakiwa chakula cha kila siku, vitamini A huzidi na viungo vya mwili hukakamaa.

Samaki mbichi, dagaa hasa, asizoezwe. Baadhi ya samaki wadogo wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na paka anayewala wabichi kila siku huishia kuyumba kichwa na kuanguka. Moto unakiua kimeng'enya hicho. Dagaa wakavu wa kwetu nao wamechemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, kwa hiyo waroweke nusu saa, mwaga maji, rudia mara ya pili, ndipo uwape moto.

Chumba cha paka

Chagua chumba kimoja ambacho mgeni hana haja nacho. Sebule haifai, jiko halifai, na ukumbi wa kupitia haufai kabisa. Chumba cha kulala cha ndani, kilicho mbali na barabara na mbali na kipaza sauti cha msikiti, ndicho chenyewe. Nyumba za Mji Mkongwe zina bahati hapa, kwani kuta nene za mawe na chokaa zinapunguza kelele nyingi. Nyumba ya mabati isiyo na dari ina tabu nyingine: joto. Miaka hii Idi el-Fitri inaangukia Machi, joto la kaskazi bado limo, na chumba kilichofungwa chini ya bati saa nane mchana kinaweza kumdhuru paka. Dirisha liwe wazi lenye wavu, feni iwake, na chupa ya maji yaliyogandishwa iliyofungwa kitambaa iwekwe sakafuni ajiegemeze akitaka. Ukimkuta anahema mdomo wazi, mtoe humo mara moja, mlowanishe nyayo na masikio kwa maji ya kawaida, wala si ya barafu.

Nondo za dirisha zisikudanganye. Kichwa cha paka kikipita, mwili wote unapita. Nafasi yoyote iliyozidi sentimita 5 izibe kwa wavu wa chuma uliofungwa kwa waya kila baada ya kiganja kimoja. Wavu wa mbu wa plastiki peke yake anauchana kwa dakika chache. Kwa wanaokaa maghorofa ya Michenzani au nyumba zenye roshani, jambo hili ni la lazima siku zote, Idi au si Idi: paka aliyeshtuka huruka kwanza ndipo atazame chini.

Ndani ya chumba panahitajika vitu vichache, na namna ya kuvipanga ina maana kuliko bei yake. Katoni kubwa ilaze ubavu, mdomo wake uelekee ukutani ukiacha upenyo wa kuingilia tu, na ndani tandika kanga iliyovaliwa siku mbili tatu bila kufuliwa. Harufu ya mtu wake inamtuliza kuliko godoro jipya. Mpe na mahali pa juu, kabati au rafu, kwani kuna paka wa kujificha chini na paka wa kujificha juu, na hujui wako ni yupi mpaka fataki ya kwanza ilie. Beseni la mchanga liwe na urefu wa sentimita 50 au zaidi, mchanga wenye kina cha sentimita 5, likae pembe ya mbali na chakula, angalau hatua mbili tatu. Mchanga wa pwani una chumvi, unashika unyevu na kunuka upesi. Usuuze kwa maji baridi na uanike jua la siku nzima, au tumia maranda makavu ya mbao isiyotiwa dawa. Maji yawe mahali pawili, katika bakuli pana lisilogusa masharubu. Sahani ya chakula iweke ndani ya sinia lenye maji kidogo, la sivyo sisimizi watafika kabla yake.

Sasa la muhimu: aanze kukizoea chumba wiki mbili kabla. Siku za mwanzo mlishe humo mlo mmoja na ufunge mlango dakika kumi. Kisha nusu saa, kisha saa mbili, ukiwa nyumbani. Paka aliyefungiwa kwa mara ya kwanza asubuhi ya Idi atakwaruza mlango na kulia kwa sauti ya kumtoa mtu machozi, na kuna mtoto atakayemwonea huruma amfungulie. Aliyezoezwa atalala. Kila aliyesoma chuo cha Kurani anaijua habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Basi kila unapofunga mlango ule, maji yawemo, chakula kiwemo, hewa iwemo, na mtu mmoja wa nyumbani awe amebeba jukumu la kuingia kila baada ya saa nne, watu wakiwa nyumbani. Awe mmoja anayejulikana kwa jina. Wakiwa wote wana jukumu, kila mtu atadhani mwenzake ameshaingia.

Mlango ufungwe kwa komeo la juu, asikofika mtoto wa miaka mitano, na ubandike karatasi yenye herufi kubwa: PAKA YUMO, USIFUNGUE.

Usafi, hina, udi na cherehani

Wiki ya mwisho ya Ramadhani nyumba inapakwa chokaa, makochi yanatolewa nje na sakafu inasuguliwa. Angalia dawa ya sakafu: ile ambayo ukiitia maji yanageuka meupe kama maziwa ina fenoli au jamaa zake, na ini la paka halina uwezo mzuri wa kuzivunja. Haina haja kuinywa. Anakanyaga sakafu mbichi, kisha analamba nyayo, imeshaingia. Tumia sabuni ya kawaida, suuza kwa maji matupu, na asiingie mpaka pakauke kabisa. Dawa ya panya isitegwe wiki hii, kwani panya aliyekula sumu anaweza kuliwa na paka. Dawa za kupulizia mende na mbu, hasa zenye permethrini, na ile poda ya viroboto vya mbwa, ni hatari kubwa zaidi: paka huanza kutetemeka mwili mzima baada ya saa chache. Ikimpata manyoyani, muoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, mfunge taulo, na mpigie daktari.

Usiku wa kuamkia Idi akina dada wanapaka hina na piko. Piko nyeusi mara nyingi huwa na unga wa rangi ya nywele, na matone yake juu ya mkeka yanaishia ulimini mwa paka aliyelalia hapo. Paka akae chumbani mwake mpaka vibakuli vimeoshwa na mkeka umekung'utwa nje. Udi na ubani vifukizwe, hiyo ndiyo Idi yenyewe, lakini chetezo kisiingie chumba cha paka, na nguo zilizofukizwa zisianikwe juu ya kitanda chake. Moshi unaotua manyoyani huishia tumboni. Mafuta ya karafuu na ya makonyo (vikonyo vya karafuu), ambayo watu wa Pemba huwa nayo kila nyumba kwa maumivu ya meno na mgongo, yasimguse hata tone moja. Usimpake kufukuza viroboto, hata aliyekushauri akiwa mtu mzima unayemheshimu.

Cherehani inataka tahadhari ya peke yake. Nguo za Idi zinashonwa mpaka usiku wa mwisho, na uzi ulioanguka sakafuni ni mchezo mtamu kwa paka. Ulimi wake una miiba inayoelekea nyuma, hivyo uzi ukishaingia hauwezi kutemeka. Anaumeza wote, mara nyingine na sindano yake. Ncha moja ikinasa chini ya ulimi, utumbo unajikunja juu ya uzi na kujikata. Ukiona uzi unaning'inia mdomoni au sehemu ya haja, usiuvute hata kidogo. Kata uliobaki nje, uache kama sentimita 3, umpeleke kwa daktari siku hiyohiyo. Kila jioni fundi akimaliza, fagia chini ya meza ya cherehani, uhesabu sindano. Utepe wa zawadi na vipande vya puto lililopasuka vina hatari ileile.

Sahani yake na sahani ya Idi

Hapa ndipo kudeka kunapomgeukia paka. Mgeni anampenda, anampa kipande, mtoto anampa, bibi anampa, na kila mmoja anadhani amempa yeye tu.

Pilau, biriani na mchuzi wowote uliokaangwa kwa vitunguu na thomu (kitunguu saumu) si chakula cha paka, hata ukimtolea nyama peke yake, maana nyama hiyo imeshanyonya. Vitunguu huharibu chembe nyekundu za damu yake, na kupikwa hakupunguzi sumu. Takriban gramu 5 za kitunguu kwa kila kilo ya uzito zinatosha kumdhuru: kwa paka wa kilo 4 ni gramu 20, kipande cha kitunguu cha wastani. Thomu ina nguvu zaidi. Kibaya ni kwamba madhara hayaonekani palepale. Paka anaonekana mzima Idi mosi, na Idi tatu au nne ndipo fizi zinapauka, mkojo unakuwa wa rangi ya chai ya rangi, naye hataki kuinuka. Kwa hiyo ukijua amekula sana, usingoje dalili.

Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka ncha kali, usimpe. Vijiti vya mishikaki ni hatari kuliko mifupa, kwa sababu vimenyonya mafuta na harufu ya nyama. Anavitafuna, anameza kibanzi, kinatoboa. Weka ndoo yenye mfuniko karibu na jiko la mkaa, na kila kijiti kiingie humo tangu cha kwanza. Ngozi ya kuku yenye mafuta na tui zito si sumu ila vitamwendesha tumbo. Maziwa ya ng'ombe hali kadhalika kwa paka wengi wazima. Chokoleti, majani ya chai na kahawa asipewe, na zabibu za kwenye tambi zitoe tu, kwani hakuna faida ya kujaribu.

Namna nzuri ya kuwaridhisha wageni ni kumpikia paka sahani yake ya Idi. Kabla kuku hajatiwa viungo, toa kifua kimoja, kichemshe kwa maji matupu dakika 20, kichambue nyuzinyuzi, kigawe katika vifungu vya kijiko cha chai na uweke kwenye kibakuli chenye mfuniko. Anayetaka kumpa paka, ampe kutoka humo. Kibakuli kikiisha, kimeisha kwa siku ile, na mlo wa jioni upunguzwe kwa kiasi hicho. Kwa joto la Machi, nyama iliyopikwa isikae nje ya friji zaidi ya saa moja. Umeme ukikatika, pika kidogo kidogo.

Siku yenyewe

Paka ale saa kumi na mbili asubuhi, kabla watu hawajatoka kwenda sala. Baada ya kula, cheza naye dakika kumi kwa kamba nene au kijiti chenye unyoya, mpaka achoke. Aliyeshiba na kuchoka hulala saa nyingi, na hizo ndizo saa za wageni. Kisha aingie chumbani, komeo lifungwe, na mlango usifunguliwe ovyo mpaka wimbi la watoto lipite, kwa kawaida karibu na adhuhuri. Sikukuu za watoto ziweke mkebeni karibu na mlango wa nje, ugawe pale barazani. Hapo hata haja ya kuingia ndani inapungua.

Mgeni wa karibu akitaka kumwona, mlete mgeni kwa paka, usimlete paka kwa mgeni. Mgeni akae chini, anyooshe kidole chini kidogo ya pua ya paka, angoje. Paka akijisugua, ashikwe shavuni na kidevuni. Mkia ukianza kupigapiga na masikio kulala, mkono uondoke. Mwanangu, usimkimbize, usimvute mkia, usimwamshe: maneno hayo matatu waambie watoto mapema kwa upole, wataelewa. Mtoto aking'atwa au kukwaruzwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili na apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata kama paka ni wa ndani. Kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa ya paka iwe mahali inapoonekana. Chanjo hiyo hupigwa akiwa na miezi mitatu, kisha hurudiwa kwa ratiba ya daktari, mara nyingi kila mwaka.

Alasiri mnapokwenda viwanjani ndipo anapobaki peke yake, mara nyingi mpaka saa tatu au nne za usiku. Acha taa moja hafifu na redio kwa sauti ya chini. Kazi ya redio ni kufunika kelele za nje, kwa hiyo ianze kabla ya kelele. Ikiwashwa paka ameshashtuka, haisaidii kitu.

Fataki zikilia, pazia liwe limeshashushwa. Akiingia chini ya kitanda, mwache. Kumvuta kwa miguu ndiko kunakomfanya akung'ate wewe na kukuogopa baadaye. Keti sakafuni, zungumza kwa sauti yako ya kila siku, usimtazame machoni. Paka wengi hutoka wenyewe kelele zikitulia na kula ndani ya saa chache. Mnene anayedeka akipitisha siku nzima bila kula chochote, mpigie daktari. Mafuta ya mwili yakianza kuvamia ini, siku mbili tatu tu ni nyingi.

Mkienda shamba au kuvuka kwenda Pemba

Kwa ushauri wetu, paka wa ndani asisafirishwe kwa ajili ya Idi. Boti, gari, nyumba ngeni na paka shume wa shamba kwa siku nne ni mzigo usio na faida. Abaki kwake, jirani anayemjua aje mara mbili kwa siku, asubuhi na magharibi. Vifungu vya chakula kikavu vipange vibakuli vinane vilivyoandikwa siku na saa, ili jirani asikisie. Mwonyeshe jirani kwa vitendo: namna ya kuingia huku mguu ukiziba upenyo wa mlango, namna ya kuzoa mchanga, na mahali paka anapojificha. Atume picha ya beseni la mchanga kila siku. Picha hiyo itakuambia kuhusu afya ya paka kuliko picha ya paka mwenyewe.

Paka dume asiyehasiwa atatafuta njia ya kutoka mchana na usiku, Idi kwa Idi, kwa sababu majaa yamejaa vichwa vya samaki na paka shume wamekusanyika. Kuhasi hufanywa akiwa na miezi minne hadi sita. Panga mapema, apate siku kumi za kupona kabla ya sikukuu.

Akitoka

Kabla ya yote awe na ukosi wa lastiki wenye namba ya simu iliyoandikwa kwa wino usiofutika. Vidole viwili vipite kati ya ukosi na shingo, si zaidi. Uwe na picha zake mbili, za ubavu wa kulia na wa kushoto.

Akikosekana, usiutangazie mtaa wote umwite kwa makelele. Paka wa ndani aliyeogopa hujibana kimya ndani ya nyumba tatu nne za jirani na haitiki hata anapoisikia sauti ya mtu wake. Tafuta chini ya makochi yaliyotolewa nje, mabanda ya kuku, stoo, chini ya ngazi, mitaro iliyofunikwa. Mji Mkongwe tazama juu vilevile, kwani mapaa yameungana na magofu yana matundu mengi. Waombe majirani wafungue stoo zao mbele yako; jirani akijibu tu kwamba hayumo, hajatazama. Mwambie sheha na vijana wa maskani, hao ndio wanaokesha. Kisha rudi saa nane hadi saa kumi za usiku, mtaa ukiwa umelala, na tochi iliyoshikwa usawa wa jicho lako: macho yake yatang'aa. Ukimwona, usimwendee. Kaa chini, weka samaki wa kuchemsha, angoje, nawe ungoje. Mlango wa nyumba uache wazi kidogo, na kanga yake iwe kizingitini.

Yasiyongoja ofisi kufunguliwa

Namba ya daktari wa mifugo wa wilaya yako itafutwe wiki moja kabla, na umuulize atapatikana vipi siku za Idi. Tenga lenye mfuniko wa kufunga likae wazi chumbani mwa paka tangu mwanzo, lina kanga ndani, ili asilione kuwa jipya. Pakacha halifai, atalichana. Kumtia tengani ni rahisi zaidi akiingizwa kinyumenyume, miguu ya nyuma kwanza.

Dume anayekwenda mchangani mara kwa mara, anachuchumaa na kulia bila mkojo kutoka, ameziba, na anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Huyo hangoji asubuhi. Vivyo hivyo kutetemeka, kuhema mdomo wazi, fizi zilizopauka au kugeuka kahawia, uzi uliomezwa, na paka aliyepewa panadol au dawa yoyote yenye parasitamoli. Hiyo ya mwisho tuisisitize, kwa sababu huwa inatolewa kwa mapenzi: kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua, na hakuna kiasi kidogo kilicho salama. Usimnyweshe maji ya chumvi, mafuta wala maziwa ili atapike. Mpigie daktari kwanza, umwambie uzito wa paka, alichokula, na saa alipokila. Ndipo umtie tengani.